Kulala Njiani: Kambi za Zamani katika Uwanda wa Ruzizi

Mtu atokaye kazini Uvira wakati wa alasiri, akakutana na rafiki zake wakakata shauri papo kwa papo kwamba usiku ule hawatalala mjini bali porini, hupita Kiliba na Sange kwa barabara kuu iendayo Bukavu, kisha kwenye upande wa Luvungi huiacha barabara akafuata njia za mashamba zipandazo kuelekea Lubarika, chini ya milima ya Bafuliiru. Naye huenda akadhani kwamba starehe hiyo imekuja pamoja na magari yawezayo tope, au kwamba ni mazoea ya Wazungu waliokuwa wakitembea na mahema yao ya turubai. Kumbe kulala njiani pamoja na wenzi ni elimu kongwe katika nchi hizi, elimu iliyokuwa na viongozi wake, sheria zake na adabu zake. Nayo haikudhoofika kwa uzee, bali iliharibiwa kwa mikono ya watu.

Katika karne ya 19, wakati pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka bara kwenda pwani kwa mabega ya wanadamu, msafara ulikuwa ni mji unaotembea. Mpagazi, ambaye aghalabu alikuwa Mnyamwezi, alichukua kadiri ya frasila mbili, yaani yapata kilo 32, zaidi ya mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Na mbele ya wote alikwenda kirangozi, amevaa mavazi mekundu na manyoya kichwani, wala hapakuwa na ruhusa ya mtu yeyote kumtangulia, kwani aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale podoni mwake, ukawekwa uwe ushahidi mpaka alipe faini jioni kambini. Kwa kaida waliondoka alfajiri na kutua kabla ya adhuhuri, ili wapate nafasi ya kukata miti, kujenga vibanda vya nyasi, kuzungusha boma la miiba na kupika. Na watu walijigawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake, huyu akateka maji, huyu akatafuta kuni, huyu akalinda mizigo, hata mgonjwa akawa na watu wanaojua kwamba yeye ni dhamana yao.

Lakini ilikuwako safari ya namna nyingine, iliyoitwa terekeza, nayo ndiyo babu halisi ya safari hizi za baada ya kazi. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, kama Marenga Mkali au Mgunda Mkali katika njia ya Ugogo, watu walipika na kula mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kupinda, wakatembea hata magharibi, wakalala popote giza lilipowakuta, kisha wakaondoka kabla ya mapambazuko ili wafike penye maji asubuhi. Usiku wa terekeza haukuwa na boma wala kibanda. Ulikuwa na moto tu, na zamu za kukesha, na mazungumzo. Katika uwanda wa Ruzizi dhiki ya maji haikuwa kubwa namna hiyo, maana mito ya Sange, Luberizi na Kiliba hushuka kutoka milimani. Hapa msafiri alichagua mahali pa kulala kwa kuogopa mafuriko ya ghafla, mbu na wanyama, akapenda kilima kidogo kuliko ukingo wa mto.

Habari za maandishi za kambi za pande hizi twazipata kwa wageni waliokuja kutafuta chemchemi za Nili. Mwezi Aprili mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na humo wana wa Sultani Maruta wakawaeleza kwamba mto Ruzizi unaingia katika ziwa Tanganyika wala hautoki humo, neno lililowavunja moyo wageni wale kwa sababu walitamani ziwa liwe ndilo mama wa Nili. Wenyeji walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani, na laiti wangaliulizwa kwa unyenyekevu, mabishano ya miaka mingi kule London yangalipungua. Mwaka 1871, mwezi Novemba, David Livingstone na Henry Stanley wakaja kuhakikisha kwa macho yao, wakifuata pwani ya mashariki kwa mtumbwi wa gogo la mvule, wakilala kila usiku mchangani.

Katika safari hiyo kuna usiku mmoja ambao kwangu mimi wafundisha kuliko ugunduzi wote. Walipokuwa wametua kwenye ulimi wa mchanga, watu wasiowajua walianza kuja makundi makundi baada ya jua kutua, kila kundi likiomba kulala karibu na moto wao, nao wakakataa. Na mabaharia wa Ujiji, waliozijua desturi za pwani ile, wakashauri kuondoka gizani bila kelele, na mtumbwi ulipokwisha kusukumwa majini wakaona vivuli vya watu vikitambaa kati ya mawe kuelekea mahali walipokuwa wamelala. Aliyewaokoa usiku ule hakuwa mwenye bunduki, bali mwenye kuijua nchi. Walipofika ncha ya kaskazini walikaribishwa na mtawala Mukamba, na ndugu yake Ruhinga akawatajia mito mingi inayomwaga maji katika Ruzizi, mmoja baada ya mmoja. Hao waliulizwa kwanza, ndipo watu wakalala kwa amani.

Walakini haifai kuzipamba zama hizo kupita kiasi. Katika njia zile zile, na hasa pale wafuasi wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani wa Ujiji, walipoeneza nguvu zao kaskazini mwa ziwa, walilala pia mateka waliofungwa minyororo, na usiku wa mateka haukuwa na hiari. Baadaye ikaja dola ya Wabelgiji na upagazi wa lazima. Vita vya mwaka 1914 viliufanya mto Ruzizi kuwa mpaka wa majeshi, na Usumbura ilipotwaliwa na Wabelgiji mwezi Juni 1916, mizigo ya jeshi ilikuwa juu ya vichwa vya watu waliotolewa vijijini kwa amri, ambao wengi wao hawakurudi. Nadhani hapo ndipo kulala njiani kulipoanza kuonekana na wazee kuwa ni msiba. Serikali ilijenga nyumba za kupumzikia wakubwa wake kandokando ya njia, na wanakijiji wakalazimishwa kuleta kuni na maji. Mgeni hakuomba tena, aliamuru.

Lubarika yenyewe ilipata sifa kwa pamba. Tangu mwaka 1917 sheria ya Kongo ya Kibelgiji iliruhusu kilimo cha lazima, na shirika la utafiti wa kilimo, INEAC, lililoanzishwa mwaka 1933, likaweka hapo kituo chake cha kujaribu mbegu za pamba za uwanda huu. Msimu wa mauzo ulipofika, wakulima walibeba vikapu vyao kwenda sokoni, na aliyetoka mbali alilala huko akingoja mizani; nao ingawa pamba ilikuwa ni ya kulazimishwa, moto wa usiku ulikuwa ni wao wenyewe, wakala bugali na ndagala zilizokaushwa, wakapeana habari za ndoa na mashauri.

Kisha amani ikapotea. Mwaka 1964 uasi uliwaka katika uwanda mzima na Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi. Baada ya mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na maangamizi ya Rwanda mwaka 1994, uwanda ukajaa wakimbizi waliolala chini ya mashiti ya plastiki. Na mwezi Oktoba 1996 vita vikawafuata humo humo, hospitali ya Lemera juu ya milima ikashambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Kwa mtu aliyeyaona hayo, kundi la watu waliolala nje si picha ya starehe.

Ndiyo maana wafugaji wapandao na ng'ombe kutoka uwandani kwenda milimani wakati wa kiangazi, ambao bado hulala njiani kila mwaka, hawatui kabla ya kupeleka habari kwa wenye ardhi na kukubaliana juu ya ada ya malisho. Na penye ugomvi, aghalabu ni kwa sababu mapatano hayo yamevunjwa na upande mmoja au mwingine.

Na vijana wetu watokao kazini jioni wakaelekea Lubarika, mimi nawapendea safari hiyo kwa moyo wote. Nawasihi tu watoke mapema, ili wafike kabla ya magharibi, wamwamkie mkubwa wa kijiji, wamwambie wako wangapi na watalala wapi. Kwa maana wapo wazee katika vijiji vile ambao hadi leo, wasikiapo ngurumo ya gari usiku mahali pasipo na barabara, huwaamsha watoto na kuwavika viatu.