Malenga wa Magazeti na Ijara ya Kalamu

Serikali ya Tanganyika ilipoanza kutoa gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam, mnamo Januari 1923, ilikusudia kuwafikishia wasomaji habari za kilimo, afya, shule na amri zake; lakini wasomaji nao walikuwa na makusudi yao, na haukupita muda mrefu kabla ya makarani, walimu na watu wengine wa kazi mbalimbali, waliotawanyika katika miji ya pwani na vituo vya bara, kuifanya sehemu moja ya gazeti lile kuwa baraza yao wenyewe, ambamo walisalimiana, wakaulizana, wakafumbiana na hata wakakaripiana kwa mashairi.

Mwenye kuyatazama mashairi ya magazeti ya zama zile hukuta desturi iliyokaribia kuwa sheria. Ubeti wa mwanzo aghalabu hubisha hodi kwa mhariri, ukimsihi kwa taadhima ampatie mtunzi nafasi ijapokuwa ndogo, wala asilitie shairi lake kapuni. Na lile kapu la mhariri liliogopwa sana, maana lilimeza jasho la watu bila ya kutoa sababu. Ubeti wa tamati hutaja jina la mtunzi au lakabu yake, pamoja na mji akaapo, ili atakayependa kumjibu ajue ni nani na yuko wapi. Katikati ndimo lilimo jambo lenyewe: swali la dini, fumbo la ndoa, malalamiko juu ya vijana, hoja kuhusu neno lililotumiwa visivyo na malenga mwingine. Atakayejibu hakuwa huru kujibu apendavyo. Ilimpasa ashike bahari ile ile, na akijiona ni fundi hasa alishika na vina vile vile, mizani nane kwa nane, akamrudishia mwenziwe kauli yake ikiwa imegeuzwa uso.

Kwa kazi hiyo yote mshairi aghalabu hakulipwa kitu. Bali yeye ndiye aliyelipa, kwani karatasi, wino na stempu vilitoka katika mshahara wake, nao haukuwa mkubwa. Alichotaraji ni kuliona jina lake limepigwa chapa na kusomwa na watu asiowajua, kisha, baada ya mwezi mmoja au miwili, apate jibu kutoka Ujiji au Lindi, la mtu ambaye huenda wasionane maisha. Naona ni kosa kuidharau ijara ya namna hiyo. Mtu aliyejibiwa hadharani kwa beti kumi zisizo na kasoro alikuwa amepewa heshima ambayo tajiri hawezi kuinunua, na aliyekosolewa kina alikuwa amepewa somo pasipo karo. Ndiyo maana hata mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, sheria hizo hazikuwa ngeni kwa wengi, maana walikwisha kufundishana wenyewe kwa kukosoana gazetini.

Tabia hii haikuletwa na mtambo wa chapa. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika siku za uhasama wa Mombasa na Lamu uliofikia kilele chake katika vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana mashairi kama majeshi yao yalivyotupiana silaha. Muyaka alikuwa sahibu wa mashehe wa Kimazrui waliotawala Mombasa, na bila shaka usahibu huo ulikuwa na manufaa yake. Lakini mashairi yake yaliishi kwa kuwa watu wa mji waliyahifadhi vifuani, hata Mwalimu Sikujua alipoyakusanya baadaye, na William Hichens akayatoa kwa chapa huko Johannesburg mwaka 1940, karne nzima tangu mtunzi afariki. Thamani ya kitabu kile, kama ilikuwako, haikumhusu tena.

Fedha ilipoingia, haikuingia kwa mlango wa mashairi ya gazeti. Ilikuja na mashindano ya uandishi, ambayo Kamati ya Lugha, iliyoundwa 1930, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaandaa, na baada yake East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948. Hapa mambo yalibadilika kwa namna ambayo nadhani haikukusudiwa na yeyote. Malenga wa Mambo Leo aliwaandikia malenga wenziwe, naye akijua kuwa watamjibu. Mshindani alimwandikia hakimu asiyemjua, akaficha kazi yake isije ikaigwa, akaituma kwa posta na kungoja. Wenziwe hawakuwa tena watu wa kujibizana nao, bali walikuwa watu wa kushindwa. Fauka ya hayo, mashindano yalipenda nathari, hadithi na insha, kwa kuwa ndizo zilizotakiwa shuleni, na kwa hivyo kalamu nyingi zilizolelewa kwa vina ziligeukia kurasa zisizo na vina.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wasemao kwamba fedha iliharibu uandishi wa Kiswahili, maana wasemao hivyo huwasahau waandishi wenyewe na matumbo yao. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika usiku baada ya kazi ya mchana: alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali, na alizeeka katika utumishi huo. Vitabu vyake vilitolewa na wachapaji wa mbali: Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg mwaka 1948, katika mfululizo ule ule uliomtoa Muyaka. Alipata nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong, akasifiwa kila pembe. Lakini katika barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, zilizokuja kuchapishwa 2002, msomaji hukutana na mtu mwenye wasiwasi wa miswada na wachapaji. Mwishowe aliona heri achapishe mwenyewe, akaanzisha kampuni yake Tanga. Alifariki mwaka 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu kuliko zote alizotunga, haukuonekana madukani mpaka 1967. Nani atathubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sifa zilitosha?

Tena, ni zawadi iliyotuletea mpelelezi Bwana Msa. Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na ile Bureau, Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alishika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kilipotoka mwaka 1960 wasomaji walimpata mpelelezi mvuta kiko, mtaratibu wa maneno, ambaye hakuna gazeti la serikali lingemzaa. Mtunzi wake hakuwa mgeni wa kalamu: alikwisha kuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti kadhaa ya Unguja. Mwaka 1965 Faraji Katalambula akatoa Simu ya Kifo, hadithi ya upelelezi iliyohamia Dar es Salaam, yenye inspekta wa polisi mahali pa yule bwana wa Unguja. Sisemi kwamba Katalambula alikusudia kumjibu mtu. Lakini anayezisoma hadithi hizo mbili kwa kufuatana hawezi kukosa kusikia mtindo wa kujibizana, mmoja akitega kitendawili kwa adabu za kale, mwenziwe akikitegua kwa simu, motokaa na bastola.

Bwana Msa alirudi mwaka 1968 katika Kisima cha Giningi. Kwa miaka kumi iliyopita baina ya ushindi wa yale mashindano na mwaka huo, mtunzi aliyempa Unguja mpelelezi wake alikuwa akipata riziki yake katika uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, ambalo aliliacha alipostaafu mwaka huo huo.