Njia ya Anga kati ya London na Johannesburg

Umbali wa anga kati ya miji miwili hupimwa kwa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na kwa kipimo hicho London na Johannesburg zimeachana kwa takriban kilomita 9,000. Muda wa safari ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kwa miaka mingi uliamuliwa na mahali pa kutua kuliko kasi ya ndege. Marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walioondoka Uingereza Februari 1920 na kufika Cape Town baada ya siku 45, walikaa hewani saa 109 hivi tu. Siku nyingi zilizosalia zilimalizikia katika kungoja na kutafuta ndege nyingine, maana mbili ziliwavunjikia njiani, moja Korosko kando ya Mto Naili na ya pili Bulawayo.

Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, lilipoanza kusafirisha abiria hadi Cape Town kupitia Johannesburg mwaka 1932, safari nzima ilichukua siku 11 hivi. Abiria aliruka kutoka Croydon hadi Paris, akapanda treni mpaka Brindisi, akavuka Mediterania kwa ndege ya majini, yaani ndege yenye tumbo la mashua inayotua na kuruka juu ya maji, akarudi kwenye treni kutoka Alexandria hadi Cairo, kisha akaufuata Mto Naili mpaka Ziwa Viktoria. Kisumu alihamia ndege ya nchi kavu, iliyompitisha Nairobi, Dodoma na Mbeya.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa nauli kwa injini za jeti, iliondoka London, ikatua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia.

Kilichorefusha njia baadaye hakikuwa injini, bali siasa. Mwaka 1963, nchi huru za Afrika zilipozifungia anga zao ndege za Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi, ndege hizo zililazimika kuzunguka juu ya Atlantiki, zikiambaa na pwani ya magharibi ya bara na kujaza mafuta visiwani, hususan katika Kisiwa cha Sal, ilhali ndege za Uingereza ziliendelea kupita Nairobi. Miji ikawa ileile, lakini umbali ukategemea bendera iliyochorwa mkiani. Siku hizi safari hiyo huchukua takriban saa 11, bila kutua popote.