Mizani ya Dawa ya Sonona

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Robert Edgerton, mtaalamu wa mila za watu, alipokuwa akiishi miongoni mwa Wahehe wa Iringa ili kudadisi namna wanavyoufahamu wazimu, alikutana na mganga aitwaye Abedi, aliyewatibu wenye maradhi ya akili kwa mitishamba, na kwa kuwa alimwona kuwa tabibu mwenye kuchunguza, mwaka 1971 alichapisha habari zake akimpa cheo cha daktari wa akili wa jadi. Kweli, Dodoma palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1927, ile tuijuayo kwa jina la Mirembe. Lakini kutoka Iringa, na zaidi kutoka Mbeya, safari ya kumpeleka mgonjwa huko ilikuwa ndefu na ya simanzi, hivyo aghalabu mganga wa jirani ndiye aliyekuwa tegemeo.

Na sifa ya mganga ilipimwaje? Aliyepona alirudi na shukrani, akamtaja njiani na sokoni. Asiyepona alinyamaza kwao, au akapelekwa kwa mganga mwingine, na hesabu yake ikapotea.

Sisemi haya kumdunisha Abedi, kwani Roland Kuhn wa Uswisi, alipotangaza mwaka 1957 kwamba imipramini huondoa sonona, ushahidi wake ulikuwa wagonjwa takriban 40 aliowatazama mwenyewe, pasipo kundi jingine la kuwalinganisha nao. Mwaka 1961, uleule wa uhuru wa Tanganyika, dawa nyingine ya sonona, amitriptilini, ikaanza kuuzwa Marekani, nayo hata leo imo katika orodha ya taifa letu ya dawa muhimu.

Lililonisikitisha zaidi lilidhihirika mwaka 2008, Erick Turner na wenzake walipopekua majalada ya mamlaka ya dawa ya Marekani, wakakuta majaribio 74 ya dawa za sonona: katika 38 yaliyofaulu, 37 yalichapishwa, katika 36 yasiyofaulu au yenye shaka, 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yakaandikwa kana kwamba yamefaulu, na 3 tu yakatoka kama yalivyokuwa. Asiyepona alikuwa amenyamazishwa tena, safari hii na wenye elimu na mali.

Ndipo mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake wakakusanya majaribio 522 ya dawa 21, yenye watu 116,477, wakitafuta hata yale ambayo hayakuchapishwa. Dawa zote zikakishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, amitriptilini ikitangulia, ingawa nafuu yenyewe kwa wastani ilikuwa ya kadiri tu, muda wa kupima aghalabu ulikuwa wiki 8, na amitriptilini ilikuwa miongoni mwa zile zilizoachwa na wagonjwa wengi zaidi.

Mengi ya majaribio hayo yalifanywa mbali nasi. Lakini Mbeya imekuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu 1996, kilichoanzishwa pamoja na Chuo Kikuu cha Munich, ambacho kimezipima dawa za kifua kikuu na chanjo za Ukimwi kwa utaratibu ule ule wa kulinganisha. Mizani tunayo, na mafundi wa kuishika tunao. Nawasihi waipime humo na dawa ya sonona, kwa wagonjwa wa nyanda hizi za Iringa na Mbeya, na waliopona na wasiopona waandikwe katika daftari moja.