Habari za Meli Iliyoopolewa Ziwani

Tukiandika habari za nchi za Ziwa Tanganyika, hatuna budi kuikumbuka meli ya Liemba, ambayo imezama mara mbili na kuopolewa mara mbili.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Kisha ilikongolewa, vipande vyake vikatiwa katika masanduku 5,000, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko Kigoma kwa gari la moshi. Mafundi watatu wa Papenburg, mmoja wao Anton Rüter, waliiunga upya pamoja na vibarua wengi wa nchi hii. Ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, nayo ikatiwa mizinga.

Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuondoka Kigoma, ikatoka amri meli izamishwe, isije ikatekwa. Lakini Rüter na wenzake hawakuivunja. Waliipaka mitambo yote grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi.

Vita vilipokwisha, Wabelgiji waliiopoa. Lakini mwaka 1920 ikapigwa na dhoruba bandarini Kigoma, ikazama tena. Mwezi wa Machi 1924 Waingereza wakaitoa majini, nao wakakuta mitambo ingali yafaa. Ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo upande wa kusini.

Tangu hapo ilichukua watu na shehena kwa miaka mingi. Mahali pengi hapakuwa na gati: ilitia nanga mbali, na mitumbwi ikaiendea kwa makasia. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2018 safari zake zikasimama, kwa kuwa ilihitaji matengenezo makubwa.

Basi, sisi twaona jambo hili: wale walioizamisha ndio walioiokoa, kwa kuwa walifanya kazi yao kama watu wanaojua kwamba mwingine atakuja nyuma yao. Na sisi tuliorithi vyombo vya wazee tusiviache vioze, tukasema vimekwisha zeeka. Grisi ya fundi mmoja ilishinda maji ya miaka mingi.