Miaka 30 ya Quake, na Prosesa Iliyoumbuliwa na Mchezo

Tarehe 22 Juni 2026 mchezo wa kompyuta uitwao Quake watimiza miaka 30 tangu ulipotolewa na kampuni ya id Software ya Texas, Marekani. Na ingawa wengi wa vijana wanaokesha mbele ya skrini leo hawakuwa wamezaliwa siku hizo, suala wanaloulizana kila mchezo mpya unapotangazwa, yaani kama kompyuta iliyopo nyumbani itauweza au itaelemewa, lilipata sura yake ya sasa kwa mchezo huo. Kabla yake mambo yalikuwa mepesi. Doom, uliotoka Desemba 1993 kwa mikono ya mafundi wale wale, ulitaka prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4. Mwenye mashine ya kasi aliucheza vizuri, na mwenye hafifu aliipunguza picha kwenye skrini, akaridhika na riziki yake.

Quake uliivunja kanuni hiyo, na namna ulivyoivunja imeelezwa kwa ustadi na Michael Abrash, fundi aliyeacha kazi Microsoft akaenda kumsaidia John Carmack wa id Software, katika kitabu kinene alichokitoa mwaka 1997, ambacho ndicho nilichokitegemea hapa kuliko kingine chochote. Ulimwengu wa Doom ulihesabiwa kwa namba kamili. Ule wa Quake, ambamo mchezaji aweza kutazama juu na chini na kupita daraja lililo juu ya njia nyingine, ulidai hesabu za desimali kwa wingi, na hasa ugawaji, kwa maana bila kugawa, ukuta unaokwenda mbali na macho hupindika vibaya. Na katika hesabu nne za msingi, hakuna iliyo ghali kwa prosesa kama kugawa. Hila ya Abrash ilikuwa kugawa mara moja tu kwa kila nukta 16 za picha, na wakati sehemu ya prosesa inayohesabu desimali ingali inashughulika na ugawaji huo, sehemu ya namba kamili ipake nukta 16 ambazo jawabu lake limekwisha patikana, mfano wa mpishi asukumaye chapati ya pili ilhali ya kwanza iko chumani. Katika prosesa ya Pentium ya Intel kazi hizo mbili zilikwenda sambamba, na ule ugawaji wa ghali ukawa karibu bure.

Hapo ndipo ilipozuka kadhia ya Cyrix. Kampuni hii ilikuwa na makao yake Richardson, na id Software ilikuwa Mesquite, vitongoji viwili vya jiji moja la Dallas, wala hapana dalili kwamba jirani alimkusudia jirani shari. Prosesa ya Cyrix iitwayo 6x86 ilikuwa rahisi kwa bei na, kwa kazi nyingi, hodari kwelikweli: ile iliyoitwa P166+ ilikwenda kwa megahezi 133 tu, lakini jina lake lilidai kuwa yatoshana na Pentium ya 166. Dai hilo halikuwa la uongo. Lilipimwa kwa jaribio la Winstone, ambalo ni la programu za ofisini, barua na majedwali ya hesabu, mambo ambayo sehemu ya desimali haina kazi kubwa ndani yake.

Basi baba aliyemnunulia mwanawe kompyuta ya P166+, akiamini namba iliyo kwenye sanduku, alishangaa kuona Quake ukikwamakwama, na kwa jirani, mwenye Pentium ya daraja la chini, ukiteleza. Sehemu ya desimali ya 6x86 ilikuwa ya mtindo wa kale, polepole kwa asili yake, wala haikufaidika na mpango ule wa Abrash kama Pentium. Ajabu ni kwamba Cyrix, iliyoanzishwa mwaka 1988, ilipata jina lake la kwanza kwa kuuza vipande vya ziada vya hesabu hizo hizo za desimali, tena vyenye kasi kuliko vya Intel.

Yalizuka mabishano. Wako waliosema mafundi wa Quake waliishona kanzu kwa kipimo cha Pentium, na Abrash mwenyewe hafichi kwamba aliandika akiitazama prosesa hiyo. Wengine wakasema mwenye duka, yaani Cyrix, asimlaumu mteja. Kwa maoni yangu taksiri kubwa ni ya waliochagua kipimo kimoja cha ofisini wakakifanya jina la bidhaa nzima. Mwaka 1997 Cyrix ikamezwa na National Semiconductor, na mwaka 1999 ikauzwa kwa VIA. Kuutwika mchezo mmoja dhamana yote ya anguko hilo si insafu, kwani vita vya bei na Intel navyo vilikuwa vikali.

Yaliyofuata yajulikana. Kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx iliuhamisha mzigo kutoka prosesa kwenda kadi ya picha. Mwaka 2007 mchezo wa Crysis, wa Crytek ya Ujerumani, ukawa kipimo cha mashine na dhihaka kwa wenye nazo. Mwaka 2025 Doom: The Dark Ages ulizikataa kabisa kadi zisizo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, hata GTX 1080 Ti iliyokuwa sultani mwaka 2017, na Battlefield 6 ukaweka shuruti la ulinzi wa Secure Boot, jambo lisilohusiana asilani na nguvu.

Walakini madukani kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo zingali zikiuzwa kwa maneno mawili, "Core i7", jina ambalo Intel ililitumia kuanzia mwaka 2008 kwa vizazi vingi visivyolingana, na muuzaji haoni haya kubandika neno "gaming" juu ya kijisanduku ambacho hakina nafasi wala umeme wa kutosha kwa kadi kubwa ya picha. Hadaa hii haifai kunyamaziwa. Msomaji, kabla hujatoa fedha, dai jina kamili la kadi ya picha na uwezo wa kigawa umeme (power supply), uvilinganishe na masharti ya mchezo unaoutaka. Muuzaji akikujibu kwa namba ya prosesa peke yake, nenda duka la pili.