Ramani ya Nyumba na Usalama wa Wakaao: Habari za Pruitt-Igoe

Tangu kale mwanadamu amejilinda na mwivi kwa ukuta, komeo na bawabu. Katika karne ya 20 likazuka swali jingine: je, ramani ya nyumba yaweza kumlinda mkaaji wake, au kumsaliti? Jibu lilitafutwa katika mji wa St. Louis, Marekani, na gharama ya kulitafuta ililipwa na mafukara.

Wapangaji wa kwanza wa mtaa wa Pruitt-Igoe waliingia mwaka 1954. Mtaa ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki. Nia ilikuwa njema: vibanda vibovu viondoke, maskini wapate hewa na nuru. Lifti zilisimama kila baada ya ghorofa tatu, penye ushoroba mrefu uliodhaniwa kuwa utakuwa mchezo wa watoto na mazungumzo ya wazazi wao. Walakini haukupita muda mrefu, mahali palipotengwa kwa wote pakawa si pa mtu yeyote. Taa zilivunjwa, ngazi zikachafuliwa, na watu wakaogopa kupita njia za nyumba zao wenyewe.

Mwaka 1961 Jane Jacobs alikwisha andika kwamba amani ya njia hailindwi na polisi peke yao, bali na macho ya wenyeji: madirisha yaelekeayo njiani, maduka yaliyo wazi, na miguu isiyokoma kupita. Msomaji aliyeona baraza za mawe za Unguja na Lamu hatashangazwa na neno hili. Oscar Newman, aliyefundisha St. Louis, akalipeleka mbele katika kitabu chake cha 1972. Aliona kwamba ukumbi ulioshirikiwa na jamaa mbili tu ulitunzwa vema, bali ushoroba wa jamaa 20 uliharibika, na ngazi na lifti za jamaa 150 ziliharibika zaidi. Ng'ambo ya barabara ulikuwako mtaa wa Carr Square Village, wenye nyumba fupi na watu wa hali ile ile. Nao ulikaa kwa utulivu. Akahukumu kuwa mtu hulinda pale anapopajua kuwa pake.

Hukumu hiyo ina kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1991 Katharine Bristol alionya kwamba kuyalaumu majengo peke yake ni kuwaficha wakosaji wengine. Matumizi yalikatwa tangu wakati wa ujenzi. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji, nao walizidi kuwa fukara. Mji wenyewe ulipungua kutoka watu wapatao 857,000 mwaka 1950 hadi 622,000 mwaka 1970, na kazi zikahama pamoja nao. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini humo waligoma kulipa kodi. Mwaka 1972 majengo yakaanza kubomolewa kwa baruti, na kufikia 1976 hapakusalia hata moja.

Faida ya habari hii ni mizani. Mchoro mwema humpa jirani nafasi ya kuona na sababu ya kujali. Mchoro mbaya humnyima vyote viwili. Lakini hakuna mchoro uwezao kumpa mtu kazi, wala kurudisha taa iliyovunjwa ikiwa mwenye wajibu wa kuirudisha amekunja mikono. Ajengaye mji na asahau mojawapo ya mambo haya, amejenga nusu.