Pua Inayokimbia



Jumamosi moja asubuhi mwanetu wa miaka saba, mzaliwa wa hapa hapa Uingereza, alikuwa akizungumza na bibi yake aliyeko Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi akamwuliza hali yake. Mtoto akajibu, "Siyo nzuri, bibi. Pua yangu inakimbia." Simu ikawa kimya kidogo, kisha bibi akauliza kwa upole, "Inakimbilia wapi, mjukuu wangu?"

Tulicheka sana siku ile. Lakini jioni nilijikuta nikiwaza. Mtoto hakukosea maneno. Kila neno alilotamka ni Kiswahili. Alichofanya ni kuchukua kitenzi cha Kiingereza 'run', akakivika kanzu na kukileta barazani kwetu. Nikataka kujua: kitenzi hiki kimepataje kufanya kazi nyingi namna hii, hata pua nayo ikakimbia?

Ukitaka kujua umri na ukoo wa neno la Kiingereza, huna budi kubisha hodi kwenye kamusi kubwa ya Oxford. Wazo la kuitunga lilitoka kwa wanachuoni wa London mwaka 1857. Mwaka 1879 kazi alikabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule kutoka Scotland, ambaye aliifanyia katika kibanda cha mabati. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Murray mwenyewe alikuwa amekwisha fariki tangu 1915. Na hakuifanya peke yake. Watu wa kawaida walisoma vitabu majumbani mwao, wakanakili sentensi kwenye vipande vya karatasi na kuvituma kwa posta, mamilioni kwa mamilioni. Mmoja wa waliotuma vingi alikuwa daktari wa Kimarekani, William Minor, aliyekuwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor.

Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa 'set'. Toleo la tatu lilipoanza kutolewa kwa intaneti mwaka 2000, mambo yakabadilika. Ilipofika mwaka 2011, 'run' lilikuwa limeshika usukani: maana 645, tena kwa kitenzi peke yake! Mhariri Peter Gilliver alitumia miezi tisa kulishughulikia neno hilo moja.

Maana hizo hazikushuka siku moja. Hapo kale neno hili lilikuwa na kazi mbili kubwa: miguu kwenda mbio na maji kutiririka. Kwenye maji ndiko lilikotoka kamasi la mwanangu, pamoja na machozi, bomba lililoachwa wazi na rangi ya nguo inayochuja. Kisha mabaharia wakalitumia kwa jahazi linalokwenda na upepo, na wafanya magendo kwa mali iliyopitishwa kwa siri. Hadi hapo vitu vinavyokwenda vyenyewe vilikuwa mtu, mnyama, maji na upepo.

Halafu zikaja mashine. Katika karne ya 18 na 19 Waingereza walijikuta wamezungukwa na vyuma vinavyozunguka mchana na usiku. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Hawakutunga kitenzi kipya kwa kila chombo; walilitwika mzigo neno lile lile la zamani. Treni ikakimbia, kinu kikakimbia, na mwenye kukisimamia kiwanda naye akasemwa "anakikimbiza". Leo programu za kompyuta nazo zinakimbia. Ukisoma maana za neno hili moja kwa mpangilio wa miaka, umesoma historia ya kazi za watu wake.

Tena lugha yenyewe iliwalazimisha. Kiingereza kilipoteza viambishi vingi vya kale, kwa hiyo neno moja lisilobadilika hupachikiwa vijineno nyuma yake, na kila kijineno huleta maana nyingine: kuishiwa, kukutana kwa ghafla, kugonga kwa gari, kutoroka. Sisi tunakwenda njia nyingine. Kutoka kukimbia tunapata kukimbilia, kukimbiza, kukimbizana, kimbilio. Na tazameni: anayeshindana uwanjani, kama Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1500 kule Mexico mwaka 1968, ni mkimbiaji. Aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni ni mkimbizi. Mzizi ni ule ule, lakini herufi chache tu zinatenganisha medali na hema. Wenzetu waliotoka Burundi mwaka 1972, na wale wa Kongo baadaye, hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Ndiyo maana mtoto wa jamaa yetu aliposema, "Baba yangu anakimbia mgahawa," wazee waliokuwapo walitazamana. Walidhani kuna deni, au polisi. Kumbe baba anauendesha mgahawa na biashara ni nzuri! Kwenye siasa nako, Mmarekani anayetaka urais "hukimbia", Mwingereza anayetaka ubunge "husimama", na sisi hugombea.

Msije mkadhani kwamba Kiswahili hakina neno lake la kubeba mizigo. Linalo: kupiga. Tunapiga ngoma, pasi, mswaki, deki, picha, kura, magoti, mbizi, hodi, honi. Hakuna anayeumia hata mmoja. Nalo lina historia yake. Simu asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Waya wa chini ya bahari ulipofika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, kitu kipya kilikuwa kimeingia pwani. Watu walikipatia kitenzi walichokuwa nacho mkononi, wakapiga simu. Ilianza na ile ya maandishi. Leo tunapiga ile ya mfukoni. Wahenga wetu walifanya kama walivyofanya wenye reli: jambo jipya lilipokuja, walilipa neno lao kazi mpya.

Hapo ndipo lilipo jambo langu, ndugu zangu. Neno hupata maana pale linapopewa kazi. Humu majumbani mwetu ughaibuni, Kiswahili tumekiachia kazi ngapi? "Njoo ule." "Kaoge." "Zima taa." Habari za shule, za ajira, za benki, za hospitali, zote tunazisema kwa Kiingereza, halafu tunashangaa mtoto akitafsiri. Anajenga kwa matofali aliyopewa. Asipowahi kusikia mtu akiendesha duka au akigombea uongozi kwa Kiswahili, atakimbia tu.

Mwaka 1903 kamusi ya Kiswahili ya A. C. Madan ilichapwa na matbaa ya Oxford, hiyo hiyo iliyokuwa ikichapa kazi ya Murray. Lugha zote mbili zilipita mlango mmoja. Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuacha kuandika karatasi zao. Nasi hatuhitaji kibanda cha mabati. Daftari moja jikoni linatosha: neno la bibi ukurasa wa kulia, la mtoto ukurasa wa kushoto, na tarehe juu yake.

Letu tumelianza. Mstari wa kwanza upande wa kushoto unasema: pua inakimbia. Upande wa kulia, kwa maneno ya bibi: natokwa na kamasi. Mtoto ameyaandika yote mawili kwa mkono wake.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa.